Septeto Nacional: Bendi ya Cuba iliyowazika waasisi wake bila kuuzika muziki wao

KATIKA ulimwengu wa muziki wa Afrika Mashariki, si ajabu bendi kufa punde tu kiongozi wake anapofariki. Vyombo huuzwa, wanamuziki hutawanyika, na baada ya miaka michache jina lililotikisa kumbi husikika katika vipindi vya zilizopendwa pekee. Ndiyo maana kisa cha Septeto Nacional, bendi ya watu saba kutoka jiji la Havana nchini Cuba, kinastahili kusimuliwa kwa utulivu.

Bendi hiyo iliasisiwa mwaka wa 1927. Hakuna hata mmoja wa waasisi wake aliye hai. Imewahi kuvunjika, ikafufuliwa, ikapita katika vita vya kisiasa, mapinduzi, vikwazo vya kiuchumi na mabadiliko ya ladha ya wasikilizaji. Hata hivyo, imeingia katika karne ya 21 ikipiga muziki uleule wa son, kwa vyombo vilevile saba na kwa mpangilio uleule wa sauti.

Kwa msikilizaji wa Kenya, Tanzania au Congo, habari za bendi hii si habari za ugenini. Sehemu kubwa ya muziki wa dansi ambao wazazi na babu zetu waliucheza inatokana na son. Anayetaka kujua nasaba ya rumba yetu hana budi kuanzia kisiwani Cuba.

CHIMBUKO LA SON

Son ilizaliwa mashariki mwa Cuba, katika milima na vijiji vya maeneo ya Santiago na Guantánamo. Ni mtoto wa wazazi wawili. Kutoka Uhispania ilirithi gitaa, lugha na mashairi yenye mizani na vina. Kutoka Afrika ilirithi ngoma, mdundo na ule mtindo wa kiongozi kuimba huku wenzake wakimwitikia.

Urithi huo wa Kiafrika haukufika Cuba kwa hiari. Ulipelekwa na watu waliotekwa na kuuzwa ili wakafanye kazi katika mashamba ya miwa. Wengi walitoka Afrika Magharibi, na wengine wengi walitoka katika bonde la mto Congo na Angola, nchi za watu wanaozungumza lugha za Kibantu. Utumwa ulifutwa nchini Cuba mwaka wa 1886, lakini ubaguzi haukufutika pamoja nao.

Mwanzoni mwa karne ya 20, son ilisafiri kutoka mashariki hadi Havana, mji mkuu ulioko magharibi mwa kisiwa. Huko ilikaribishwa katika mitaa ya watu maskini na kuchukiwa katika majumba ya matajiri. Waliojiona wastaarabu waliiita kelele za washenzi. Ngoma zake zilipigwa marufuku mara kwa mara, na askari hawakusita kuzitwaa.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1920. Mwaka wa 1920 Sexteto Habanero, bendi ya watu sita, ilianzishwa na kuupa mtindo huu umbo lililokuja kuigwa na wengine. Kampuni za santuri kutoka Marekani zilipogundua kwamba muziki huo unauzika, milango iliyokuwa imefungwa ikaanza kufunguka. Muziki uliokuwa ukifukuzwa uwanjani ukaalikwa sebuleni.

VYOMBO SABA, KAZI SABA

Umbo la septeto, yaani kundi la watu saba, si la kubahatisha. Kila mtu ana kazi yake, na akikosekana mmoja pengo huonekana mara moja.

Chombo kinachoipa son sauti yake ya pekee huitwa tres. Ni gitaa dogo lenye nyuzi sita zilizopangwa mbilimbili, hivyo kuwa na jozi tatu. Mpigaji wake hadonoi tu sauti za kusindikiza bali hufuma mchoro mfupi unaojirudia, ambao wachezaji huutegemea kama nguzo. Kando yake kuna gitaa la kawaida linaloshikilia mwendo wa wimbo.

Besi ni ile kubwa inayosimamishwa wima. Upekee wake ni kwamba mara nyingi hailii pale ambapo mguu wa mchezaji unatarajia kukanyaga, bali hutangulia kidogo. Kutangulia huko ndiko kunakoipa son ile hali ya kumvuta mtu kutoka kitini.

Kabla ya besi hiyo kuenea, wanakijiji walitumia marímbula, yaani sanduku kubwa lenye vipande vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole. Yeyote aliyewahi kuiona ilimba ya Wagogo wa Tanzania au likembe ya Congo atakitambua chombo hicho papo hapo. Ni jamaa wa damu moja aliyevuka bahari na kuongezeka kimo.

Bongó ni ngoma mbili ndogo zilizounganishwa, ambazo mpigaji huzibana kwa magoti. Waimbaji wawili nao hawasimami mikono mitupu. Mmoja hutikisa manyanga, na mwingine hugonganisha vijiti viwili vya mti mgumu viitwavyo claves. Vijiti hivyo hutoa mapigo matano, matatu upande mmoja na mawili upande wa pili, yanayojirudia tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Ndiyo sheria ya nyumba: kila chombo kingine hulazimika kuyatii mapigo hayo matano.

Mwanamuziki wa saba ni mpiga tarumbeta. Chombo hicho kiliongezwa mwaka wa 1927, na hapo ndipo bendi za watu sita zilipogeuka kuwa za watu saba. Tarumbeta haipigi mfululizo. Husubiri waimbaji wamalize kauli yao, kisha hujibu kama mtu wa tatu katika mazungumzo.

Wimbo wenyewe huwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ya utulivu na husimulia kisa. Ya pili, iitwayo montuno, hushika kasi: kiongozi hutunga maneno papo kwa papo huku wenzake wakirudia kiitikio kifupi. Msikilizaji wa huku atakumbuka sebene ya Wakongo, au chemko ya mabendi ya Tanzania.

MWASHI ALIYEKUWA MALENGA

Jina kamili la bendi hii hubeba jina la mwasisi wake, Ignacio Piñeiro. Alizaliwa mjini Havana mwaka wa 1888, miaka 2 tu baada ya utumwa kufutwa. Hakulelewa katika vyuo vya muziki. Alifanya kazi za mikono: bandarini, katika utengenezaji wa mapipa na sigara, na katika uashi.

Shule yake ilikuwa mtaani. Akiwa kijana aliimba katika vikundi vikubwa vya kwaya za mitaa ya Havana, ambavyo vilishindana kwa mashairi na majibizano. Huko alijifunza guaguancó, mojawapo ya mitindo ya rumba asilia ya Cuba inayoimbwa kwa ngoma na sauti pekee. Katika kikundi kimoja, Los Roncos, alipanda ngazi hadi kuwa kiongozi na mtunzi.

Mwaka wa 1926 alipiga besi katika Sexteto Occidente, bendi iliyoongozwa na mwimbaji na mpiga gitaa María Teresa Vera. Kwa mwanamke kuongoza bendi ya wanaume wakati huo lilikuwa jambo la nadra mno. Bendi hiyo ilisafiri hadi New York kurekodi santuri. Mwaka uliofuata Piñeiro akaanzisha kundi lake mwenyewe, Sexteto Nacional, ambalo muda si mrefu lilimpokea mpiga tarumbeta Lázaro Herrera na kuwa Septeto.

Mchango wake mkubwa ulikuwa katika utunzi. Aliuchukua ushairi mrefu wa guaguancó na kuupandikiza ndani ya son, muziki ambao awali uliridhika na mistari michache. Nyimbo zake zikawa na visa, kejeli, sifa za miji na malalamiko ya wapenzi. Inakadiriwa alitunga nyimbo zaidi ya 300. Wacuba walimpa lakabu ya mshairi wa son, nasi tungemwita malenga.

KUTOKA HAVANA HADI CHICAGO

Mwaka wa 1929 bendi ilivuka bahari kwenda Uhispania kushiriki katika maonyesho makubwa ya mataifa mjini Seville. Wimbo wa Suavecito ulikuwa miongoni mwa nyimbo zilizoitambulisha huko. Mwaka wa 1933 ilitumbuiza katika maonyesho ya dunia ya Chicago, nchini Marekani.

Kati ya safari hizo mbili, mtunzi mashuhuri wa Marekani, George Gershwin, alizuru Havana mwaka wa 1932. Alisikiliza bendi za mji huo na kurudi kwao akiwa na ngoma na manyanga. Mwaka huohuo kazi yake iitwayo Cuban Overture ilipigwa kwa mara ya kwanza mjini New York. Ndani yake mna sauti iliyotoka moja kwa moja katika Échale Salsita, wimbo wa Piñeiro kuhusu mwuza soseji wa barabarani aliyejulikana kwa jina la Congo. Wimbo huo pia hutajwa kila mara historia ya neno "salsa" katika muziki inapozungumziwa, miongo kadhaa kabla ya neno hilo kuwa jina la mtindo mzima huko New York.

Lakini sifa hazikujaza tumbo. Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka wa 1929 uliporomosha bei ya sukari, ambayo ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa Cuba. Serikali ya Gerardo Machado iliangushwa mwaka wa 1933 katikati ya ghasia. Aidha, bendi kubwa zilizoiga mtindo wa jazi ya Marekani zilianza kuteka kumbi. Piñeiro alijiondoa mwaka wa 1935, akamwachia Herrera uongozi, na mwaka wa 1937 bendi ikasambaratika.

Katika miaka ya 1940 son yenyewe ilibadilika. Arsenio Rodríguez, mpiga tres aliyekuwa kipofu, aliongeza kinanda, tarumbeta kadhaa na ngoma ndefu za conga. Muziki ukawa mzito na wenye nguvu zaidi, na septeto zikaonekana kuwa mambo ya kizamani.

KUFUFUKA NA KUPOKEZANA

Mwaka wa 1954 Piñeiro aliwakusanya tena wenzake, safari hii kwa ajili ya runinga. Wakati huo walikuwa wazee, na Cuba ilikuwa imeanza kutambua kwamba ikiwaacha waondoke kimya ingepoteza kitu kisichonunulika. Baada ya mapinduzi ya mwaka wa 1959, serikali mpya ilianza kuwalipa mishahara wanamuziki kama wafanyakazi wengine wa umma. Mpango huo ulikuwa na kasoro zake, kwani pia uliwafunga wanamuziki katika maamuzi ya maafisa, lakini uliiwezesha bendi ya muziki wa kale kuishi bila kutegemea mauzo ya tikiti pekee.

Piñeiro alifariki mwaka wa 1969. Hapo ndipo mtihani halisi ulipokuja. Je, bendi yenye jina la mtu inaweza kuishi bila mtu huyo?

Jibu lilipatikana katika utaratibu wa kupokezana. Uongozi ulipitia mikononi mwa watu kama Rafael Ortiz, mtunzi aliyekuwa na jina lake mwenyewe, na Carlos Embale, mwimbaji aliyesifika kwa rumba na son kwa pamoja. Aliyeondoka aliziba pengo lake mtu aliyekuwa tayari anaujua mwendo wa bendi. Hawakubadilishwa wote kwa mpigo. Mpiga bongó mpya alimkuta mwimbaji mkongwe, na mwimbaji mpya akamkuta mpiga bongó aliyekwisha kukomaa. Kufikia miaka ya 2000, bendi iliyoongozwa na mpiga bongó Frank Oropesa ilihesabiwa kuwa kizazi cha nne.

Huu ndio moyo wa kisa hiki. Muziki wa aina hii hauhifadhiwi vizuri kwenye karatasi. Maneno huandikwa, na sauti za tarumbeta huweza kuandikwa pia. Lakini ile nukta ambapo besi hutangulia, au pale ambapo kiongozi anapoamua kuingia montuno, hufunzwa kwa kuketi kando ya anayejua. Santuri humwonyesha kijana kilichopigwa. Mwenzake mkongwe humwonyesha kwa nini hakikupigwa vingine.

Kuhifadhi huko hakukumaanisha kugandisha. Katika montuno kila kizazi hutunga maneno yake. Mwaka wa 2010 bendi ilitoa albamu iliyoitwa Sin Rumba No Hay Son, yaani bila rumba hakuna son. Jina hilo lilikuwa ukumbusho wa lile alilolifanya Piñeiro alipounganisha nyimbo za mtaani na muziki kutoka mashariki.

Mwaka wa 2009 bendi ilitumbuiza tena nchini Marekani kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa 1933. Siasa za mataifa hayo mawili zilikuwa zimeiziba njia hiyo kwa miongo mingi. Wasikilizaji wa Chicago ya mwaka wa 1933 hawakuwapo tena, wala wapigaji wa wakati huo. Kilichokuwapo ni nyimbo.

SON ILIVYORUDI AFRIKA

Mwaka wa 1933, kampuni ya HMV ilianza kuuza barani Afrika santuri za muziki wa Cuba zilizotambulishwa kwa herufi GV. Zaidi ya 200 zilitolewa katika robo karne iliyofuata. Ya kwanza ilikuwa El Manisero ya bendi ya Don Azpiazu, na baadaye zikaja za Sexteto Habanero na Trio Matamoros. Mabaharia na wafanyabiashara walizieneza kutoka bandarini hadi bara.

Wasikilizaji wa Kinshasa, iliyoitwa Léopoldville wakati huo, hawakuelewa Kihispania, lakini walielewa mdundo. Mababu zao walikuwa wameuchangia. El Manisero ni wimbo wa son, lakini uliuzwa Marekani kwa jina la rumba kwa sababu neno hilo liliwavutia wanunuzi wa huko. Ndivyo jina hilo lilivyoenea na kushikamana na muziki wa Congo. Tunaouita rumba, kwa nasaba yake, ni son kwa kiasi kikubwa.

Afrika Mashariki nayo haikuachwa nyuma. Mjini Morogoro, Tanzania, Salum Abdallah alianzisha mwaka wa 1948 bendi iliyopata umaarufu kwa jina la Cuban Marimba. Jina hilo lenyewe latosha kuonyesha kilichokuwa kikisikilizwa. Salum alifariki mwaka wa 1965. Bendi iliendelea chini ya Juma Kilaza na kupata sifa mpya, lakini hatimaye nayo ilizimika.

Haimaanishi kwamba kupokezana hakuwezekani kwetu. Nadi Ikhwan Safaa ya Zanzibar ilianzishwa mwaka wa 1905, na imeuvusha muziki wa taarab zaidi ya karne moja. Bendi ya NUTA Jazz ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka wa 1964, ilibadilisha jina mara kadhaa hadi kuitwa Msondo Ngoma, lakini haikukata mnyororo wa wapigaji wake. Zote mbili zinafanana na Septeto Nacional kwa jambo moja: chama au taasisi ilikuwa kubwa kuliko nyota wake.

CHANGAMOTO ZA LEO

Mwaka wa 1996 wanamuziki wakongwe walikusanywa katika studio mjini Havana na kurekodi albamu ya Buena Vista Social Club. Mpango wa awali ulikuwa kuwakutanisha Wacuba na wanamuziki wa Mali, lakini Wamali hawakufika, na wazee wa Havana wakabaki na studio yao. Albamu ilitolewa mwaka wa 1997, ikashinda tuzo ya Grammy mwaka uliofuata, na filamu yake ya mwaka wa 1999 ikaizungusha duniani kote. Ibrahim Ferrer, aliyekuwa amefikia hatua ya kung'arisha viatu ili apate riziki, akawa nyota akiwa na umri wa karibu miaka 70.

Mafanikio hayo yalikuwa baraka yenye mwiba. Watalii walifurika wakitaka nyimbo chache walizozijua, na kila mkahawa wa Havana ukawa na kundi la kuzipiga. Aidha, wakongwe hao walikuwa wameitwa jukwaani wakati wa magharibi ya maisha yao. Compay Segundo na Rubén González walifariki mwaka wa 2003, na Ferrer mwaka wa 2005.

Nyumbani, vijana wa Cuba wanapenda zaidi reguetón. Tangu mwaka wa 2021 mamia ya maelfu ya Wacuba wameihama nchi yao kutokana na ugumu wa maisha. Mnamo Oktoba 2024 kisiwa kizima kilitumbukia gizani mtambo wa umeme wa taifa ulipoanguka. Katika hali kama hiyo, bendi inayotegemea kijana kuketi kando ya mkongwe kwa miaka mingi iko hatarini kuliko bendi yoyote. Santuri zaweza kusubiri. Mkongwe hawezi.

Cuba haikulala. Mwaka wa 2012 son ilitangazwa rasmi kuwa sehemu ya urithi wa utamaduni wa taifa, na tarehe 8 Mei, siku ya kuzaliwa kwa Miguel Matamoros na pia Miguelito Cuní, ikatengwa kuwa siku ya son. Matangazo kama hayo yana heshima yake, ila hayapigi tres.

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Mila ya son ilitungwa na wana wa watumwa waliokataa kuiacha, na imefika hapa ilipo kwa sababu katika kila kizazi walipatikana watu saba waliokubali kujifunza kabla hawajataka kusikika. Kwa sisi ambao kanda zetu za zamani zinaota ukungu katika maghala na wapigaji wetu wazee wanazikwa pamoja na ujuzi wao, swali si kama tuna muziki unaostahili kuhifadhiwa. Swali ni nani, wakati huu wakongwe wetu wangali hai, ameketi kando yao.